Kutoka Kompyuta ya Wilaya hadi Kivinjari: Takwimu za Afya za Ilala na Nafasi ya Kata ya Jangwani

Utangulizi

Kata ya Jangwani iko ukingoni mwa bonde la Mto Msimbazi, jirani na Kariakoo, katika eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021, manispaa hiyo ilipopandishwa hadhi na kuwa Jiji la Dar es Salaam. Wapenzi wa kandanda wanalijua jina la Jangwani kwa sababu ya makao makuu ya klabu ya Yanga. Wakazi wake wanalijua kwa sababu ya maji, kwani mvua kubwa zinaponyesha bonde hufurika na kuingia majumbani. Mkazi wa kata hiyo akiugua, huenda Mnazi Mmoja, au Amana, au akapewa rufaa hadi Muhimbili. Popote aendapo, mhudumu wa mapokezi huandika katika daftari jina lake, umri wake, jinsi yake na mahali anapoishi.

Insha hii inafuatilia kinachotokea baada ya maandishi hayo kuondoka daftarini. Kwa miongo mitatu sasa, hesabu za wagonjwa nchini Tanzania zimepita katika vyombo vitatu: karatasi peke yake, kisha karatasi pamoja na programu iliyosakinishwa katika kompyuta ya mezani ya wilaya, kisha karatasi pamoja na mfumo unaofunguliwa kwa kivinjari, ambao kanzidata yake iko katika seva moja ya taifa. Badiliko la mwisho limezoeleka kuelezwa kuwa ni ushindi wa teknolojia bora dhidi ya teknolojia duni. Maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu tu. Hoja ya insha hii ni kwamba programu ya mezani ilibuniwa kwa makusudi ili wilaya iwe na kanzidata yake yenyewe, na kwamba kivinjari, pamoja na kutibu maradhi mengi ya programu hiyo, kiliihamishia ngazi ya taifa haki ya kuamua ni jambo gani lihesabiwe. Kwa kata kama Jangwani, ambayo matatizo yake hayafanani na ya wastani wa nchi, haki hiyo si jambo dogo.

Daftari kabla ya kompyuta

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wengi huuita kwa kifupi chake MTUHA, ulianzishwa mwaka 1993. Kabla yake kila mradi wa afya ulikuwa na fomu zake: chanjo njia yake, kifua kikuu njia yake, uzazi wa mpango njia yake. MTUHA ulikusudiwa kuziweka fomu hizo chini ya paa moja kwa kutumia mfululizo wa vitabu vyenye namba. Hadi leo muuguzi wa zahanati hahitaji kutaja jina la kitabu, namba inatosha. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha wanaojifungua.

Kazi ya kuhesabu hufanywa kwa vijiti. Mgonjwa mmoja ni kijiti kimoja, na kijiti cha tano hukatiza vinne vilivyotangulia. Mwisho wa kipindi vijiti hujumlishwa, jumla huandikwa katika fomu ya muhtasari, na fomu hupelekwa kwa Mganga Mkuu wa wilaya au manispaa. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, na mara nyingi hufanywa na mtu yule yule aliyeshinda mchana kutwa akipima watoto uzito. Lakini ndipo takwimu zote za afya za Tanzania zinapozaliwa, na kosa linalofanyika hapo hakuna programu, iwe ya mezani au ya kivinjari, inayoweza kulifuta baadaye.

Jambo moja lahitaji kukaziwa mapema. Katika kitabu namba 5 mna safu ya mahali mgonjwa anapoishi. Katika fomu ya muhtasari safu hiyo haimo. Muhtasari hupanga wagonjwa kwa ugonjwa, umri na jinsi, na kuwahesabia kituo kilichowatibu. Hivyo tangu enzi za karatasi tupu, mtu wa Jangwani aliyetibiwa Mnazi Mmoja na mfanyabiashara wa Kariakoo anayelala Mbagala, aliyetibiwa hapo hapo kwa sababu homa ilimkuta dukani, walikuwa kitu kimoja katika ripoti. Tofauti yao ilibaki katika daftari, na daftari lilibaki kabatini.

Kompyuta ya chumba kimoja

Tanzania iliingia katika matumizi ya kompyuta ikiwa na kovu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, enzi ambazo kompyuta ilikuwa mashine moja kubwa inayotegemewa na idara nzima. Matumizi yake katika hesabu za serikali yaliishia katika matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo lililegezwa taratibu, na kompyuta zilipoanza kuenea katika ofisi za umma zilikuwa za aina nyingine: mashine ndogo za mezani, kila moja na programu zake, faili zake, na kwa kawaida mtu mmoja aliyeielewa.

Ni katika mazingira ya mashine za aina hiyo ndipo ilipozaliwa programu iliyokuja kujulikana kwa herufi DHIS. Chimbuko lake ni Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umeacha huduma za afya zilizogawanyika vipande vipande, na serikali mpya iliamua kuzijenga upya kwa misingi ya wilaya. Watafiti na wanaharakati wa afya waliokusanyika Cape Town, wakiwemo Jørn Braa kutoka Norway na Calle Hedberg, walitengeneza programu ya kukusanya takwimu za wilaya kwa kutumia Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisi. Uchaguzi wa chombo hicho haukuwa wa bahati mbaya. Kompyuta za wilaya zilikuwa nazo tayari au ziliweza kuwekewa, intaneti ilikuwa haipo au ilikuwa ghali, na zaidi ya yote wabunifu walitaka kanzidata ikae wilayani. Falsafa yao ilikuwa kwamba takwimu ni za kutumiwa na wale wanaozikusanya kabla ya kupelekwa kwa wakubwa. Wilaya ilitakiwa kutoa idadi ndogo ya takwimu zilizokubaliwa kitaifa. Juu ya hizo ilikuwa huru kuongeza zake.

Programu hiyo ilifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Zanzibar iliikumbatia kwa upana kuanzia mwaka 2005. Upande wa Bara majaribio yalikwenda kwa kusuasua, wilaya chache kwa wakati mmoja, huku miradi maalumu ya magonjwa ikiendelea kukusanya takwimu zake kwa njia zake. Hali hiyo imeelezwa kwa kina katika tasnifu za Honest Kimaro na Juma Lungo zilizowasilishwa Oslo katika muongo huo, na mtu anayetaka kujua kwa nini mfumo mzuri katika maabara hukwama ofisini hana budi kuanza na kazi hizo.

Utaratibu wa kazi ulikuwa kama ifuatavyo. Fomu za vituo zilifika ofisi ya wilaya. Karani alizichapa katika kompyuta iliyosakinishwa programu. Mwezi ulipokwisha alitoa faili, akaliweka katika disketi, na baadaye katika flashi, likapelekwa mkoani. Mkoa uliyaunganisha mafaili ya wilaya zake na kuyapeleka wizarani. Kila hatua ilihitaji mtu, chombo cha kubebea na kompyuta isiyo na virusi. Virusi ndivyo vilivyokuwa adui mkubwa wa flashi za ofisi za umma katika miaka hiyo. Flashi iliyopita katika mashine kumi ilirudi na wageni isiowaalika.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa katika usimamizi wa mfumo wenyewe. Programu iliyo katika kompyuta mia ni programu mia. Wizara ikibadili fomu, mtu alipaswa kwenda au kutuma marekebisho kwa kila mashine. Wilaya moja ikichelewa, faili lake lilikuwa na orodha ya zamani, na lilipofika mkoani likakataa kuungana na mengine, au, jambo baya zaidi, likaungana kwa makosa. Kituo kimoja kiliweza kuandikwa kwa tahajia mbili katika kompyuta mbili na kugeuka vituo viwili. Nakala rudufu ilitegemea nidhamu ya karani. Kompyuta ikiibwa, ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, au maji yakiingia ofisini, historia ya afya ya wilaya nzima iliweza kupotea kwa siku moja.

Hapo ndipo Ilala inapokuwa mahali pazuri pa kupimia hoja. Katika wilaya za vijijini, kuchelewa kwa takwimu huelezwa kwa urahisi: barabara mbovu, mito, umbali. Kutoka Jangwani hadi ofisi za manispaa mtu huweza kutembea kwa miguu. Kwa hiyo lawama ya umbali haisimami hapa. Udhaifu wa programu ya mezani katikati ya jiji ulikuwa wa asili yake: ilifungia kazi ya manispaa nzima ndani ya chumba kimoja, mbele ya mashine moja, na kwa mikono ya mtu mmoja au wawili. Karani akiugua au kuhamishwa, takwimu nazo zililala. Mganga aliyeko ghorofa ya pili aliyetaka kujua idadi ya wagonjwa wa malaria wa mwezi uliopita alipaswa kumtafuta mwenye ufunguo.

Safari ya Pwani ya Kenya

Toleo jipya la programu hiyo, lililoitwa DHIS2, lilianza kuandikwa Oslo mwaka 2004 kwa lugha ya Java, likiwa programu huria, yaani isiyohitaji leseni ya kulipia. Matumizi yake ya kwanza yalikuwa katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Inafaa kufahamu kwamba ingawa DHIS2 ilifunguliwa kwa kivinjari tangu mwanzo, haikuwa lazima kanzidata yake iwe mbali. Nchini India ilisakinishwa katika kompyuta za vituo, kivinjari kikiongea na seva iliyomo ndani ya mashine ile ile. Kivinjari ni dirisha tu. Nyumba yaweza kuwa popote. Wengi wanaozungumzia mifumo ya mtandao huchanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo umeficha uamuzi wa kisiasa ndani ya uamuzi wa kiufundi.

Uamuzi huo ulionekana waziwazi nchini Kenya. Mpango wa awali ulikuwa kusakinisha DHIS2 wilaya kwa wilaya kama ilivyozoeleka. Timu iliyokwenda Mkoa wa Pwani kwa majaribio mwaka 2011 iligundua kwamba modemu ndogo za kampuni za simu zilitosha kabisa kufungua mfumo ulioko mbali. Mpango wa kusakinisha ukaachwa. Kufikia Septemba 2011 nchi nzima ilikuwa ikiingiza takwimu katika seva moja, na Kenya ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa ukamilifu. Daktari Ayub Manya wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na wenzake wa Oslo waliandika habari za safari hiyo, na maandishi yao yakasomwa kwa makini Dar es Salaam.

Kilichowezesha jambo hilo hakikuwa programu peke yake. Waya wa Seacom ulifika katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya eneo hili ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Tanzania nayo ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa mawasiliano, ambao usimamizi wake ulikabidhiwa TTCL. Maduka ya Kariakoo yalianza kuuza modemu kama yalivyouza betri. Wazo la kuiondoa kanzidata wilayani lingetajwa mwaka 2005 lingeonekana kichekesho. Mwaka 2011 lilionekana busara ya kawaida.

Tanzania Bara ilianza na Mkoa wa Pwani, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 DHIS2 ilikuwa imeenea katika mikoa yote. Vitabu vya MTUHA vilirekebishwa sambamba na kazi hiyo, na fomu za kwenye skrini zikaweza kuchorwa zifanane na za karatasi, mstari kwa mstari. Huo ulikuwa uamuzi wa hekima. Karani hakufundishwa ulimwengu mpya. Alikuta fomu ile ile aliyoijua, isipokuwa ilikuwa inang'aa.

Mti wa vituo

Manufaa yalionekana kwanza katika usimamizi. Ndani ya DHIS2 nchi yote hupangwa kama mti: shina ni taifa, matawi ni mikoa, kisha wilaya na halmashauri, na majani ni vituo. Kila mtumiaji hupewa jina, nywila na tawi lake. Karani wa Ilala huona na kujaza vituo vya Ilala; ofisa wa mkoa huona mkoa; wizara huona vyote. Marekebisho ya fomu hufanywa mara moja na kila mtu huyakuta anapofungua kivinjari kesho yake. Hakuna wa kusafiri na flashi.

Miaka iliyofuata iliupima mti huo vizuri. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe. Ndani ya Dar es Salaam, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Mwaka 2021 Ilala yenyewe ikabadili jina na hadhi. Kwa programu ya mezani, kila badiliko la namna hiyo lingehitaji kurekebisha orodha katika kila mashine inayohusika na kuomba Mungu mafaili yaendelee kuungana. Kwa mfumo wa kivinjari msimamizi alihamisha tawi, na majani yakalifuata pamoja na historia yake.

Faida ya pili ilihusu maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa zilianza kuipiga Dar es Salaam, na bonde la Msimbazi likafurika kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini. Karatasi na kompyuta zilizo katika nyumba za chini haziwezi kushindana na maji ya namna hiyo. Kanzidata iliyo katika seva yenye nakala rudufu inaweza. Hoja hii pekee ingetosha kuhalalisha badiliko, hata kama zingine zote zingekataliwa.

Upungufu nao ulijitokeza upesi. Mfumo mmoja una kosa moja, lakini kosa hilo ni la nchi nzima. Seva ikilala, wote hulala. Siku za mwisho za kutuma ripoti, makarani wa halmashauri zote hukimbilia mlango mmoja, na ukurasa huchukua muda mrefu kufunguka. Watengenezaji walitafuta nafuu kwa kukiwezesha kivinjari kuhifadhi fomu kwa muda katika kompyuta ya mtumiaji pale mtandao unapokatika, kisha kuituma unaporudi. Kwa njia hiyo sehemu ya kompyuta ya mezani ilirejeshwa kimyakimya kupitia mlango wa nyuma. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za Seacom na EASSy zilipokatika baharini kwa wakati mmoja na intaneti ya Tanzania ikadhoofika, ofisi nyingi zilikumbushwa kwamba mahali seva ilipo si suala la mafundi peke yao. Serikali ilikwisha kuliona jambo hilo: Kituo cha Taifa cha Data kilichojengwa Kijitonyama, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, vyote vinalenga kuweka mifumo ya umma ndani ya nchi na chini ya usimamizi mmoja.

Mwelekeo huo haukuwa wa sekta ya afya peke yake. Katika fedha za umma, mfumo wa MUSE umechukua nafasi ya Epicor. Lakini kuna kielelezo kinachopinga dhana kwamba kivinjari lazima kiende na seva ya mbali. Mfumo wa hospitali wa GoT-HoMIS, uliokuzwa Kibaha katika Hospitali ya Tumbi, hufunguliwa kwa kivinjari, ila kwa miaka mingi ulisakinishwa katika seva iliyomo ndani ya hospitali husika. Daktari, mfamasia na mhasibu walitumia mfumo mmoja bila kuhitaji intaneti ya nje. Njia ya kati ilikuwepo, basi, na ilifanya kazi.

Nani huamua kinachohesabiwa

Programu ya mezani, pamoja na uchakavu wake wote, iliipa wilaya uwezo wa kuongeza safu. Ofisa wa manispaa aliyetaka kujua ni wagonjwa wangapi wa kuhara walitoka katika kata za bondeni aliweza, kwa kanuni za mfumo ule, kuanzisha kipengele chake, kukitafutia fomu, na kukiingiza katika kanzidata yake bila kumwomba mtu ruhusa. Ni kweli kwamba wachache waliitumia fursa hiyo, na kwamba ilipotumiwa ovyo ndiyo iliyozaa mafaili yasiyoungana. Uhuru ule na vurugu ile vilitoka katika chungu kimoja.

Katika DHIS2 ya taifa, kuongeza kipengele ni kazi ya wasimamizi wakuu. Sababu zao ni nzuri: kila kipengele kinachoongezwa ni mzigo kwa muuguzi wa zahanati kuanzia Bukoba hadi Mtwara, na orodha isiyodhibitiwa huvimba hadi isiweze kujazwa. Lakini matokeo yake ni kwamba maswali ya mahali hayana pa kukaa. Kile kinachoulizwa na wengi huingia fomuni; kinachoulizwa na kata moja hubaki mdomoni.

Kipindupindu kililiweka jambo hili mezani. Mlipuko ulianza Dar es Salaam Agosti 2015, ukaenea jijini na kisha mikoani. Wakati wa mlipuko swali la kwanza la ofisa wa afya huwa moja: mgonjwa anatoka wapi? Kisima kipi, mtaa upi, choo kipi. Jumla ya wagonjwa kwa kituo haisaidii, kwani kambi ya matibabu hupokea watu wa kata nyingi na kuwahesabu kama wake. Kazi hiyo ilihitaji orodha ya wagonjwa mmoja mmoja, yenye jina la mtaa, yaani ile safu ya kitabu namba 5 ambayo muhtasari huiacha nyuma. Katika miaka hiyo hiyo mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia magonjwa ya milipuko, unaomwezesha mhudumu kutuma taarifa kwa simu ya kawaida ya vitufe na kuziingiza katika DHIS2, ulikuwa ukisambazwa. Ulifupisha muda wa kutoa taarifa. Swali la mtaa uliendelea kuliachia karatasi.

Yafaa kutaja pia kwamba kwa sehemu kubwa ya zahanati za nchi kivinjari kiliishia ofisi ya halmashauri. Muuguzi anaendelea kuchora vijiti. Tofauti iliyotokea kwake ni kwamba sasa fomu yake hurudi na maswali upesi zaidi: kwa nini waliojifungua ni wengi kuliko waliohudhuria kliniki, kwa nini chanjo ya tatu imezidi ya kwanza. Mfumo hugundua mapengo hayo wenyewe. Kwa upande mmoja hilo limeinua ubora wa takwimu, na hakuna sababu ya kulibeza. Kwa upande mwingine, falsafa ya Cape Town ilimtaka muuguzi huyo awe msomaji wa kwanza wa takwimu zake, achore grafu yake ukutani na kuamua nini cha kufanya wiki ijayo. Kivinjari kingeweza kumpa nafasi hiyo kwa urahisi kuliko programu yoyote ya mezani, kwa kuwa hakihitaji kusakinishwa na huweza kufunguka hata katika simu yake. Kinachomzuia ni nywila: akaunti nyingi zilitolewa kwa wanaojaza na wanaokagua, chache kwa wanaotibu.

Kuhusu Jangwani, kielelezo kilicho wazi zaidi kilitokea baada ya mafuriko ya 2011. Serikali iliwahamishia Mabwepande, kaskazini mwa jiji, baadhi ya wakazi wa bondeni walioathirika. Watu hao walibeba magonjwa yao, mimba zao na kadi za kliniki za watoto wao hadi upande wa Kinondoni, na kuanzia hapo wakahesabiwa katika vituo vya huko. Katika vitabu vya vituo vya zamani na vipya, mtu mwenye subira anaweza kuifuata hama hiyo kwa kusoma safu ya makazi, ukurasa baada ya ukurasa. Katika mti wa vituo hakuna tawi lililotikisika.